Mzigo Uko Njiani

Saa nane mchana bati la zahanati ya Ipuli linalia
tak, tak, kama mtu anayehesabu deni lake kwa kucha.
Chini yake friji ya chanjo inanguruma bila kuvuta pumzi.
Nesi Mwashi amebandika karatasi juu ya mita ya Luku:
*Tafadhali, uniti kumi na moja, tufike Ijumaa.*
Anaiomba mita, kana kwamba mita ina masikio.

Mimi ndiye niliyeitwa.
Kalunde Lugendo, fundi dari,
cheti cha Veta, ngazi ya kuazima,
na futikamba iliyokatika sentimita mbili za mwanzo.
Kila kipimo changu huanzia mbili. Nimezoea.

Nikapanda, nikachungulia:
kinyesi cha popo, kiatu kimoja cha mtoto,
na joto limejilaza juu ya jipsamu
kama shemeji asiyeaga.
Kati ya jua na dawa za watoto wa Ipuli
palikuwa na bati la geji thelathini na mbili, basi.

Nikaandika: pamba ya kioo, mabunda arobaini.
Mwenye duka akapiga simu Dar es Salaam.
Mzigo umetoka bandarini.
Mzigo uko Morogoro.
Mzigo uko Dodoma, behewa limewekwa kando, linasubiri injini.
Kufika wiki ya tano Mzigo alishakuwa mtu,
jamaa tunayemsemea kila siku
na hakuna aliyewahi kumwona,
anapanda bei huku amelala.

Siku hiyo nilipita nyuma ya mashine ya Nkwabi
kuwatafutia kuku wangu chenga.
Kule pumba za mpunga hurundikwa na kuchomwa,
moshi mwembamba, hakuna anayeutazama.
Upande usio na moto nikatia mkono mpaka kwapani.
Begani jua lilikuwa linachoma.
Vidoleni ilikuwa bado alfajiri.
Nikabaki hivyo hivyo, watoto wananicheka.

"Hizi unauza?"
"Mwanangu, nitakulipa uziondoe."
(Hakunilipa.)

Mganga mfawidhi alivua miwani:
"Kalunde, naomba dari, unaniletea pumba?"

Na kweli, mwanzo zilikuwa pumba.
Panya walizipokea kwa shangwe.
Kiroba cha kwanza kilipasuka juu ya chumba cha kujifungulia,
mtoto akazaliwa akinyeshewa maganda,
bibi yake akataka kumpa jina, tukamsihi.

Tukachanganya chokaa: ndoo moja kwa kumi, ikawa vumbi;
moja kwa sita, panya wakahama.
Sizya wa Isevya, fundi wa magodoro,
akashona viroba bapa, mshono kila shubiri,
pumba zisiteleze zikajikusanya pembeni kama wambea.
Mlina asali wa Sikonge akatuletea nta nyeusi,
ile wanunuzi huitupa;
tukaisugua kwenye nyufa za madirisha
na wodi nzima ikanukia mzinga.

Septemba mpunga ukaisha. Mashine ya Nkwabi kimya.
Tulikuwa tumefunika vyumba vinne,
vitatu viko wazi, na jua la Tabora halingoji mavuno.

Novemba Mzigo akafika.
Mabunda thelathini na saba. Ya arobaini hatukuyauliza.
Tulimpokea kama ndugu aliyechelewa msiba:
hasira tumboni, kiti tukampa.
Akatosha vyumba vitatu.

Jumanne ile, saa nane, Nesi Mwashi alitoka mbio,
kitenge kinaburuta:
"Umeme umekatika! Chanjo!"
Tukakimbilia friji.
Taa ya kijani inawaka. Ndani, baridi.
Haikuwa imezimika.
Ilikuwa imenyamaza tu,
mara ya kwanza tangu aanze kazi pale.

Akasimama, kiganja juu ya mlango wake,
kama anayempima homa mtoto aliyelala.
Juu bati bado linahesabu, tak, tak.
"Kalunde," akasema kwa sauti ya chini,
"nyumbani kwangu pia kuna dari."